Gugu Karoti Li Njiani: Litambue, Liandike, Ling'oe Kabla Halijachanua

Kama unaishi kando ya barabara inayotoka Arusha, iwe ile ya Babati, ya Namanga au ya Moshi, tahadhari hii ni yako. Ni yako pia kama kijijini kwenu kuna mnada wa mifugo, machimbo ya moramu, au mashamba yanayolimwa kwa trekta la kukodi linalotoka wilaya nyingine. Kuna mmea mgeni unaosafiri kwa matairi, kwato na magunia, na unashuka popote penye udongo ulio wazi. Wataalamu wanauita Parthenium hysterophorus. Wakulima wa kaskazini mwa Tanzania wanauita gugu karoti.

Ukiachwa umalize maisha yake, mche mmoja waweza kumwaga mbegu 15,000 hadi 25,000. Ukionekana ungali mchanga, mtu mmoja mwenye glavu huumaliza kwa dakika chache. Kati ya hali hizo mbili kuna wiki 4 hadi 8 tu, kwa kuwa huo ndio muda unaouhitaji kuota, kukua na kuchanua mvua ikiwa nzuri.

Kwa hiyo kinachotakiwa kwanza si pesa wala sumu ya magugu. Ni macho. Kila kata inahitaji watu wachache wanaolijua gugu hili kwa sura, wanaoandika walipoliona, na wanaotoa taarifa siku hiyo hiyo. Kuna mahali duniani ambapo gugu karoti limeshindwa kuenea kwa sababu hiyo.

Lilivyo machoni

Likiwa changa, gugu karoti hulala chini. Majani yake hutandaa duara juu ya udongo, yamechanikachanika kama ya karoti au giligilani, yana kijani kilichofifia na vinyweleo laini. Katika hatua hii watu wengi hulipita, na hii ndiyo hatua ambayo kulimaliza ni rahisi kuliko zote.

Baadaye shina huchomoza katikati. Limesimama wima, lina mistari iliyobonyea kutoka juu hadi chini, na lina vinyweleo. Karibu na kilele hutawanyika matawi mengi. Kwa kawaida hufika kimo cha mita 1, na penye maji na rutuba laweza kukaribia mita 2. Maua yake ni meupe na madogo mno, upana wa milimita 4 hadi 5. Ukilisogeza ua karibu na jicho utaona pembe tano ndogo kando kando yake. Kitovu chake nacho ni cheupe au rangi ya maziwa, si cha manjano.

Usilichanganye na mimea mingine inayokaa nalo jirani. Kishona nguo kina mbegu nyeusi ndefu zinazonasa kwenye suruali; mbegu za gugu karoti hazinasi hivyo. Bangi mwitu hunuka vikali ukipekecha jani lake, na vichwa vya maua yake ni vyembamba, vina manjano hafifu na huonekana kama havijafunguka. Karoti yenyewe ikiachwa ichanue, maua yake hukusanyika juu mahali pamoja kwa umbo la mwavuli. Kuna pia kigugu cha bustanini kiitwacho Galinsoga, chenye vijipetali vitano vyeupe. Hicho majani yake ni mazima, hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina, na kitovu cha ua lake ni cha manjano. Majani ya gugu karoti hupishana kwenye shina, moja huku na jingine kule, na yamekatika sana.

Tofauti hizi si za kujifurahisha. Kitabu kikuu cha mimea ya ukanda wetu, Flora of Tropical East Africa, kilianza kuchapishwa mwaka 1952 kikakamilika mwaka 2012, na kimeeleza spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Tanzania na Uganda. Katika wingi huo, mtu anayeng'oa kila chenye majani yaliyochanika ataondoa dawa za wenzake, malisho ya nyuki, na pengine mmea usiopatikana popote pengine duniani. Kampeni ya kung'oa bila kutambua ni hasara juu ya hasara.

Linachofanya shambani, zizini na mwilini

Gugu karoti hubeba kemikali iitwayo parthenini. Hutoka kwenye mizizi na kwenye majani yanapooza, huingia udongoni, na huzuia mbegu za mimea mingine kuota na miche yake kukua. Kwa hiyo halipigani na mazao kwa kugombea maji na mbolea tu. Hutia sumu kwenye uwanja wenyewe. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Ethiopia ulionyesha kwamba mtama ulioachwa na gugu hili msimu mzima ulipoteza kati ya asilimia 40 na 97 ya mavuno. Mkulima wa asilimia 97 amelima, amepanda, amesubiri, na hana cha kuvuna.

Malishoni hufanya kwa njia nyingine. Ng'ombe na mbuzi hulikwepa kwa uchungu wake, wakala nyasi zilizolizunguka. Nyasi zikiisha, ardhi hubaki wazi, na ardhi iliyo wazi ndiyo gugu karoti linayoitaka. Mwaka unaofuata nyasi ni chache zaidi, mifugo ni ile ile, na gugu limeongezeka. Mfugaji aweza kudhani tatizo lake ni ukame, kumbe mvua imenyesha na kilichoota hakiliki.

Kiangazi kikikaza, mnyama mwenye njaa hulila. Hapo hutokea vidonda mdomoni, kuwashwa na kunyonyoka kwa ngozi, na akila kwa wingi aweza kufa. Maziwa huwa machungu, na nyama hupata ladha mbaya inayomkimbiza mnunuzi.

Kwa binadamu madhara huja polepole, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtu aweza kuling'oa kwa mikono mitupu leo na kesho asione chochote, akatangaza kwamba wataalamu wanatia chumvi. Kadiri anavyogusana nalo mara kwa mara, mwili wake hujenga mzio. Siku moja ngozi ya mikono, shingo na uso huanza kuwasha, kuvimba na kupasuka, na tangu hapo kiasi kidogo tu cha vumbi la gugu hilo humrudishia maradhi. Chavua yake huleta mafua ya mzio na huamsha pumu. Dawa za hospitali hutuliza, lakini mwenye mzio huu kinga yake kubwa ni kukaa mbali na mmea, jambo gumu kwa mkulima ambaye mmea umemfuata mpaka mlangoni.

Lipo pia jambo la malaria. Mwaka 2015 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mbu jike wa Anopheles gambiae, yule mwenezaji mkubwa wa malaria Afrika, hunyonya sukari ya gugu karoti, hupata nguvu kutoka kwake, na huweza kuishi kwa kulitegemea hata asipopata damu. Kijiji kinachogawa vyandarua na kuacha gugu hili lizunguke nyumba kinamlisha adui kinayejikinga dhidi yake.

Kimya cha miaka ya kwanza

Asili ya gugu hili ni Amerika ya kitropiki, hasa maeneo yanayozunguka Ghuba ya Mexico. Carl Linnaeus alilipa jina lake la kisayansi mwaka 1753; ni la jamii moja na alizeti. Kwao lina wadudu na kuvu wanaolipunguza. Tatizo lilianza lilipovuka bahari likawaacha maadui zake nyuma.

India, liliandikwa kuonekana katika mji wa Pune katikati ya miaka ya 1950, na kuja kwake kulihusishwa na shehena za nafaka kutoka Marekani. Leo limeenea karibu nchi nzima. Australia, lilifika jimbo la Queensland katika miaka hiyo hiyo ya 1950, na sehemu yake iliingia ndani ya mbegu za nyasi za malisho zilizotoka Texas. Lilikaa pale zaidi ya miaka kumi bila kelele. Mvua kubwa za miaka ya 1970 zilipokuja, lilifumuka na kufunika malisho mapana. Ethiopia, lilisambaa kwa kasi kuanzia miaka ya 1970, na watafiti wametaja magari ya kijeshi ya vita vya Ogaden na nafaka za msaada wa chakula kuwa miongoni mwa vilivyolibeba.

Kwetu, Kenya ililiona mapema katika miaka ya 1970 kwenye mashamba ya kahawa. Miaka mingi ilipita kabla ya kulitangaza kisheria kuwa gugu haribifu, mwaka 2010. Uganda liliripotiwa mwaka 2008. Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Miongoni mwa waliopiga kelele mapema hapa nchini ni Krissie Clark na Wayne Lotter wa taasisi ya uhifadhi ya PAMS. Lotter alijulikana duniani kwa vita yake dhidi ya majangili wa tembo, na aliuawa kwa risasi Dar es Salaam mwezi Agosti 2017. Mtu aliyeishi akiwawinda wauzaji wa pembe za ndovu aliona inafaa kutumia muda wake kuandika juu ya gugu la kando ya barabara. Hifadhi yaweza kupona bunduki na bado ikafa kwa kukosa nyasi.

Tazama mpangilio wa historia hiyo. Karibu kila mahali kuna miaka ya kimya kati ya siku gugu lilipoonekana na siku lilipoenea. Katika miaka hiyo huwa ni vichaka vichache nyuma ya gereji, kando ya ghala, au kwenye kona ya mnada. Hakuna aliyeumia bado, kwa hiyo hakuna anayesema. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sehemu kubwa ya Tanzania ingali ndani ya kimya hicho. Mwaka 2014 kundi la watafiti kutoka Afrika Mashariki na nje lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa kupita barabarani na kuandika kila walipoliona gugu hili. Lilikuwa limeshikamana na barabara na miji, na hesabu za hali ya hewa zilionyesha maeneo makubwa yanayolifaa ambako lilikuwa halijafika. Hii ni habari mbaya kwa anayesubiri, na ni nafasi kwa anayeanza leo.

Linavyosafiri

Mbegu ya gugu karoti ni ndogo, takriban milimita 2, nyeusi na nyepesi. Upepo huipeleka karibu tu. Kwenye safari ndefu, wanaoisafirisha ni sisi.

Huganda kwenye tope la matairi ya malori, mabasi, magari ya watalii na pikipiki. Huingia kwenye jembe la trekta na ndani ya mashine ya kuvunia, ikamwagwa kwenye shamba la mteja anayefuata. Hukaa kwenye kwato na manyoya ya mifugo inayotoka mnada mmoja kwenda mwingine. Hufungwa ndani ya marobota ya nyasi kavu zinazouzwa wakati wa kiangazi. Huchotwa pamoja na mchanga, kifusi na moramu, ikapelekwa kujenga barabara au msingi wa shule mkoa wa mbali. Huelea kwenye mifereji ya umwagiliaji na kwenye maji ya mafuriko. Hujificha kwenye mbegu za mazao ambazo hazikupepetwa vizuri, na kwenye udongo wa viriba vya miche ya miti inayogawiwa bure kwa nia njema.

Njia ya mwisho ni ya ajabu: mapenzi ya maua. Pakistan, wauza maua wamelitumia kujazia mashada, kwa sababu vijiua vyake vyeupe vinapendeza na havinunuliwi. Shada hutupwa jalalani baada ya sherehe, na safari inaendelea.

Kwa orodha hiyo kila mtu aweza kukisia mahali pa kutazama kwanza katika eneo lake: stendi, maegesho ya malori, gereji, mnada, ghala la nafaka, machimbo, daraja, kingo za mfereji, kitalu cha miche, eneo la ujenzi, na mita kumi za kila upande wa barabara. Huna haja ya kutembea kata nzima. Tembea kwenye milango yake.

Ramani inavyotengenezwa

Arusha kuna hifadhi ya taifa ya mimea mikavu, ambako sampuli zilizokaushwa na kushindiliwa huhifadhiwa kwenye karatasi, kila moja na jina lake, mahali ilipochumwa, tarehe na aliyeichuma. Nairobi iko Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, Usambara, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwa makabati hayo tunaweza kusema mmea fulani ni wa hapa au ni mgeni, na uliingia lini. Bila sampuli na tarehe, kila mzee atasema gugu hili alilikuta, na kila kijana atasema limekuja juzi.

Mwananchi asiye mtaalamu anaweza kuongeza alama kwenye ramani hiyo kwa simu yake. Taarifa yenye faida ina mambo manne: nini, wapi, lini, na kwa wingi gani. Piga picha nne zilizo wazi: mmea mzima, jani moja kwa karibu, shina kwa karibu, na ua kwa karibu kama lipo. Washa kitambulisho cha mahali kwenye simu, au andika kijiji, kitongoji, na alama inayojulikana kama daraja au shule. Andika tarehe. Andika ni mche mmoja, kumi, au eneo lenye ukubwa wa uwanja wa mpira.

Programu za simu zinazotaja majina ya mimea kwa kutazama picha ni msaada, lakini jibu lake ni kukisia. Likikutajia gugu karoti mahali ambapo halijawahi kuripotiwa, hilo ni jambo la kumwita mtaalamu, si la kufunga mjadala. Likikutajia mmea mwingine wakati dalili zote ulizosoma hapa zimetimia, mwite pia.

Kuna kosa moja ambalo watu wenye bidii hulifanya. Wanaling'oa gugu likiwa na maua, wanalifunga kwenye gazeti, wanapanda nalo basi kulipeleka mjini likatambuliwe. Njiani linapukutisha mbegu. Mtu aliyetaka kulizuia amelisafirisha yeye mwenyewe kilomita mia. Picha isafiri, mmea ubaki. Kama mtaalamu anataka sampuli, aje mwenyewe au akupe maelekezo ya kuifunga.

Jambo jingine wasahaulifu huliacha: andika pia pale ambapo hukuliona. Ukipita kingo zote za barabara ya kata yenu mwezi Januari na hukukuta kitu, hiyo ni taarifa kamili. Mwezi Juni likionekana, tutajua liliingia ndani ya miezi hiyo mitano, na tutauliza ni lori gani, mnada gani, ujenzi gani. Eneo lisilo na taarifa si eneo salama. Huenda hakuna aliyetazama.

Wanaoorodhesha mimea adimu, kwa mfano okidi zinazowindwa na wafanyabiashara, huficha mahali walipoiona ili isiibwe. Kwa gugu karoti fanya kinyume. Taja mahali kwa usahihi wote, na umtajie kila mtu. Mwenye shamba asione haya wala majirani wasimnyooshee kidole. Gugu hili huingia kwa mtu safi na kwa mvivu pia. Aibu ndiyo inayowafanya watu wanyamaze, na kunyamaza ndiko kunakolipa msimu mmoja zaidi.

Ukilikuta, fanya hivi

Kwanza piga picha na toa taarifa kwa afisa ugani wa kata na kwa mtendaji wa kijiji. Tanzania, mamlaka yenye dhamana ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha, iliyorithi kazi za taasisi ya TPRI. Kenya, ofisi za kilimo za kaunti na shirika la afya ya mimea, KEPHIS, ndiko pa kuanzia.

Pili, kama ni miche michache, usingoje kikao. Vaa glavu nzito, mikono mirefu, suruali, viatu vya kufunika miguu, na funika pua na mdomo. Mwenye pumu au aliyewahi kuwashwa na gugu hili asiguse kabisa, awaachie wengine. Watoto wa shule wasitumwe kuling'oa kama adhabu au usafi wa mazingira.

Ling'oe udongo ukiwa na unyevu, na litoke na mzizi wake. Ukilifyeka kwa panga au slesha, shina lililobaki huchipua tena, mara nyingi likiwa na matawi mengi kuliko mwanzo, na litachanua likiwa fupi chini ya usawa wa macho yako.

Kama halijachanua, liache likauke juani pakavu, mizizi ikitazama juu. Kama lina maua, usilitikise. Funika kichwa chake kwa mfuko kabla ya kuling'oa, litie kwenye kiroba kisichotoboka, fungia hapo hapo, kisha lichomwe karibu na lilipopatikana, watu wakikaa mbali na moshi. Kung'uta viatu, pindo za suruali na jembe kabla ya kuondoka.

Tatu, rudi. Mbegu zilizofukiwa hazifi haraka. Majaribio ya Australia yalionyesha kwamba baada ya miaka 6 hivi udongoni, karibu nusu yake zaweza kuwa bado hai. Mahali palipotolewa gugu mara moja panahitaji kutazamwa kila baada ya mvua kwa miaka kadhaa. Weka tarehe hizo kwenye daftari la kijiji, si kichwani mwa mtu mmoja anayeweza kuhama.

Nne, funika ardhi. Panda nyasi za malisho, punguza mifugo mahali palipochoka, usiache kingo za barabara zikwanguliwe tupu bila sababu. Gugu karoti halipendi kivuli wala ushindani wa nyasi zilizoshikana.

Penye eneo kubwa, kung'oa kwa mikono kutawachosha na kuwaumiza watu. Hapo mshirikishe afisa ugani juu ya viuatilifu vinavyofaa na wakati wake. Wapo pia wadudu wanaolila gugu hili, kama mbawakavu Zygogramma bicolorata kutoka Mexico, aliyeachiwa India mwaka 1984 na baadaye Ethiopia. Hupunguza nguvu ya gugu lakini halimalizi, na kuingiza mdudu nchini ni kazi ya taasisi zenye kibali na maabara, baada ya kuhakikisha kwamba hatahamia kwenye mazao. Wadudu ni kwa mahali palipochelewa. Mahali pasipochelewa ni jicho na glavu.

Usifanye haya

Usilishe mifugo, hata likiwa kavu. Usilitumie kama fagio, tandiko la zizi au matandazo ya shamba. Usilitupe kwenye shimo la mboji wala mtoni. Usilichume kwa ajili ya mapambo. Usinunue nyasi za marobota bila kuuliza zimekatwa wapi. Na ukinunua, walishie mifugo mahali pamoja kila siku ili chochote kitakachoota kionekane. Usiruhusu trekta au mashine ya kuvunia iingie shambani kwako na tope la shamba la jana. Muda wa kuiosha barabarani, kabla haijavuka mpaka wa shamba, ni nafuu kuliko miaka ya palizi.

Wenye mamlaka nao

Mwananchi hawezi kuosha kila lori. Halmashauri zinaweza kuweka sharti kwenye mikataba ya ujenzi kwamba machimbo ya moramu na mchanga yakaguliwe kabla ya kuchimbwa, na mitambo ioshwe kabla ya kuhama wilaya. Minada ya mifugo iwe na eneo linalosafishwa na kukaguliwa. Vitalu vya miche, vya serikali na vya mashirika, vikaguliwe kabla mche wa kwanza haujagawiwa. Hifadhi nazo zina lango. Gari linalotoka eneo lenye gugu karoti lisiingie na tope lake. Maasai Mara gugu hili limeshaonekana, na kati ya Mara na Serengeti hakuna uzio. Nyumbu huvuka kila mwaka.

Hili linawezekana. Jimbo la New South Wales, Australia, limepakana na Queensland, ambako gugu limetapakaa. Mashine za kuvunia zinazovuka mpaka hukaguliwa na lazima ziwe safi, kingo za barabara hupitiwa mara kwa mara, na kila mara gugu linapochipuka huandikwa na kung'olewa. Kwa miongo kadhaa limekuwa likiingia huko, na halijafanikiwa kulitawala jimbo hilo. Hawakupata dawa ya ajabu. Walikubaliana nani atazame wapi.

Basi liwekeni kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji unaofuata, kabla mvua hazijaanza. Gaweni barabara, mnada, mto na machimbo kwa majina ya watu. Bandikeni picha ya gugu karoti kwenye ofisi ya kijiji, shuleni, kwenye zahanati na kwenye duka la pembejeo. Siku kumi baada ya mvua ya kwanza, na tena kila baada ya wiki tatu hadi mvua ziishe, kila mtu apite sehemu yake na kuandika alichokiona au kwamba hakuona kitu. Atakayeona jani lililochanika limetandaa duara juu ya udongo, shina lenye mistari, au kijiua cheupe chenye pembe tano, apige picha na aseme siku hiyo hiyo.